Njoro ya Beryl Markham: farasi wa kweli, nchi ya kubuni

"West with the Night" kilichapishwa Boston mwaka 1942 na kampuni ya Houghton Mifflin, Marekani ikiwa imeshaingia vitani na wasomaji wakiwa na mengine ya kuwaza. Mwandishi wake, Beryl Markham, alikuwa na jina tayari kwa sababu ya ndege. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi huku upepo ukimpinga, akaishia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, baada ya saa 21 hivi angani. Msomaji anayekifungua kitabu akitarajia ndege huipata kweli katika kurasa za mwanzo: safari ya 1935 ya kupeleka oksijeni kwa mgonjwa katika kambi ya wachimba dhahabu ya Nungwe, upande wa Tanganyika wa Ziwa Viktoria. Kisha, bila haraka, anarudishwa nyuma karibu miaka 30 hadi Njoro, kwenye shamba la baba, ambako mtoto wa Kizungu anakua kati ya farasi, mbwa, ngiri, simba na wawindaji wenye mikuki. Ernest Hemingway, aliyewinda Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934, alimwandikia mhariri wake Maxwell Perkins akikisifu kitabu kwa maneno mazito, huku akimtukana mwandishi. Katika barua hiyo lipo jambo ambalo ni rahisi kulipita: alisema sehemu anazozijua yeye, kwa kuwa alikuwapo na kusikia ya waliokuwapo, ni za kweli kabisa, kwa hiyo habari za utoto inabidi tuzipokee kama zilivyo. Shahidi mashuhuri kuliko wote wa kitabu hiki, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwa shahidi wa Njoro.

Barua za Hemingway zilipochapishwa mwaka 1981 hiyo nayo ikasomwa, na mwaka 1983 kampuni ya North Point Press ya California ikakitoa upya kitabu kilichokuwa kimesahauliwa miaka 40. Mwandishi alikuwa hai bado, mzee, akiishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ambako alifariki Agosti 1986. Kitabu kikauzwa sana, na sifa zikaja na shaka. Mary Lovell, aliyeandika wasifu wake mwaka 1987, alishikilia kwamba Markham ndiye aliyekiandika, na kwamba sura za kwanza zilishafika kwa mchapishaji kabla hajakutana na Raoul Schumacher, Mmarekani aliyekuja kuwa mume wake wa tatu. Errol Trzebinski, katika wasifu wake wa 1993, alisema kinyume: Schumacher, mtu aliyezoea kuwaandikia wengine, ndiye mwenye kitabu, kwa kuwa mwanamke mwenye shule kidogo namna ile, ambaye hakuandika mengi kabla wala baada, asingeweza kuitoa nathari ya aina hii. Muswada una marekebisho ya mkono wa Schumacher, na Markham mwenyewe alimshukuru mbele ya kitabu kwa kumtia moyo na kumsaidia.

Ubishi huo umekula wino mwingi, nami naona umetusaidia kukwepa swali kubwa zaidi. Tukishaambiwa ni nani aliyeshika kalamu bado hatujajua kama kilichoandikwa ni kweli. Mtu anaweza kumsimulia mwenzake utoto wake kwa uaminifu mtupu, mwenzake akauandika vizuri. Na mtu anaweza kuandika kwa mkono wake mwenyewe uongo mtupu. Hoja yangu ni kwamba kitabu hiki ni cha kuaminika kwa kiasi kikubwa kinapozungumzia kazi, yaani farasi, kinu, mashine na ndege, na si cha kuaminika kinapozungumzia nchi. Njoro anayotupa Markham ni nyika iliyokuwa inasubiri kugunduliwa. Njoro ya historia ilikuwa mahali palipotoka kuhamishwa watu, karibu na vita vilivyokuwa havijapoa, kando ya msitu wenye wenyewe. Kwa wapenzi wa kumbukumbu za maumbile, kosa hilo ni zito kuliko simba aliyeongezewa ukali.

Tuanze na kinachosimama. Charles Clutterbuck, baba yake, alikuja katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza mwaka 1904, akamfanyia kazi mlowezi Lord Delamere pale Njoro, kisha akapata shamba lake jirani. Beryl, aliyezaliwa katika kijiji cha Ashwell, Rutland, Oktoba 1902, aliletwa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Shambani palikuwa na farasi wa mbio, kiwanda cha mbao, na kinu cha kusaga kilichoendeshwa kwa injini kuukuu za mvuke. Haya si ya kupambwa. Njoro ilikuwa kweli mahali pa unga. Na sehemu za farasi zimeandikwa na mtu, au kutoka kinywani mwa mtu, aliyekesha zizini: jinsi farasi jike anavyohangaika kabla ya kuzaa, jinsi mguu wenye mshipa uliochoka unavyopimwa kwa kiganja, jinsi saisi na mfunzaji wanavyoelewana bila kusema. Farasi Wise Child, aliyemshindia Markham mbio za St Leger za Nairobi mwaka 1926, si wa kutungwa. Yeyote aliyeisafisha lugha ya sura hizo, ujuzi uliomo hauwezi kuokotwa Hollywood.

Hata simba ni wa kweli. Aliitwa Paddy, alifugwa na familia ya Elkington shambani kwao karibu na Nairobi, na walowezi wengi walimjua. Kisa cha Paddy kumrukia mtoto Beryl kinastahili kutazamwa kwa karibu kwa namna kilivyosukwa. Mwandishi anasimulia alichokiona hadi pale simba alipompata. Kuanzia hapo anakabidhi kisa kwa Bishon Singh, saisi wa Kisingasinga wa baba yake, ambaye anasimulia alivyoona, na jinsi Bwana Elkington alivyokuja mbio na kiboko mkononi. Hapa kitabu kinafanya jambo la uaminifu ambalo tawasifu nyingi hazilifanyi: kinaonyesha kiungo. Kinakiri kwamba kumbukumbu ya mtoto ina pengo, na kwamba pengo lilijazwa na maneno ya mtu mzima aliyekirudia kisa hicho hadi kikaiva. Kama kitabu chote kingefuata utaratibu huu, makala haya yasingekuwa na kazi.

Lakini hakifuati. Mama hayupo. Clara Clutterbuck alifika Njoro, akaona maisha ya huko, akarudi Uingereza na Richard, kaka yake Beryl, binti akabaki na baba. Katika kitabu mama huyo ni kama hakuwahi kuwapo. Waume wawili wa kwanza hawapo, wala mwana aliyemzaa mwaka 1929. Wapo wanaosema haya ni mambo ya faragha, na mwandishi ana haki ya kufunga mlango wa chumba chake. Nakubali kabisa. Hakuna anayedaiwa ndoa zake na msomaji. Hata hivyo kumwondoa mama kunafanya kazi katika masimulizi. Mtoto asiye na mama wala ndugu wa kuzaliwa naye anabaki na baba aliye mbali kidogo, na nafasi ya malezi inajazwa na ardhi yenyewe, wanyama, na wanaume wa Kinandi wanaomfundisha kuwinda. Nyika inakuwa mlezi. Na ili nyika iwe mlezi, ni lazima iwe nyika: isiwe na mwenye nayo, isiwe na kesi, isiwe na kodi, isiwe na jana.

Jana ilikuwapo, tena ya kelele. Muda mrefu kabla ya Clutterbuck, njia ya kupitia Bonde la Ufa, Naivasha hadi Baringo, ilijulikana kwa wafanyabiashara Waswahili wa pwani. Joseph Thomson alipopita Umasaini mwaka 1883, msafara wake ulifuatana na ule wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mtu aliyeijua njia hiyo kwa pembe na shanga, na ambaye Mskoti huyo asingefika mbali bila msaada wake. Kisha ikaja miaka ya 1890: sotoka ikafyeka ng'ombe, ndui ikafuata, mwishoni mwa muongo njaa ikamalizia. Wazungu walioiona nchi hiyo baada ya hapo waliona uwanda mtupu wakadhani ndiyo hali yake ya asili. Walikuwa wanatazama jeraha. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu Desemba 1901, na serikali iliyokuwa imeingia gharama kubwa kuijenga ikatafuta watu wa kuilipia kwa mazao. Sheria ya Ardhi ya Taji ikatungwa 1902. Mwaka 1903 Delamere akapewa kwa kukodi ekari 100,000 pale Njoro, kwa miaka 99. Agosti 1904 ukatiwa saini mkataba kati ya serikali na Wamasai, Olonana akiwa mbele yao, wa kuwaondoa katika bonde la kati na kuwagawa: wengine Laikipia, wengine kusini. Mkataba huo uliahidi kudumu maadamu Wamasai wapo. Ulidumu miaka saba. Kuanzia 1911 wale wa Laikipia, watu wapatao 10,000 na makundi yao ya mifugo, walianza kuhamishwa tena kuelekea kusini, na shauri walilofungua Ole Njogo na wenzake likatupwa na mahakama mwaka 1913 kwa hoja ya kisheria ambayo bado inawashangaza wanafunzi wa sheria: kwamba Wamasai walikuwa kama dola nyingine, na mkataba wa dola mbili hauamuliwi na mahakama ya ndani.

Mtu anayeijua Njoro atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema kwamba kipande kile hasa hakikuwa malisho ya maana. Wamasai wenyewe walikikwepa. Ni kweli. Udongo wa huko una upungufu wa madini, na Delamere aliujua ukweli huo kwa hasara: kondoo aliowaleta kwa gharama walidhoofika na kufa kwa wingi, na ng'ombe nao hawakupona, hadi akahamishia mifugo yake Soysambu, upande wa Elmenteita, na Njoro akaigeuza ya ngano. Ngano nayo ikapigwa na kutu, na ndipo kazi ya kuzalisha mbegu zinazostahimili kutu ilipoanzia hapo. Kituo cha utafiti wa ngano cha Njoro bado kipo. Kampuni ya Unga, ambayo Delamere aliianzisha 1908, inatokana na historia hiyo. Lakini ona hoja hii inathibitisha nini. Wachungaji walioiacha nyasi ile iwe ndefu walikuwa wanajua kitu kuhusu nyasi ile. Kukwepa malisho mabovu ni matumizi ya ardhi yenye maarifa, na mlowezi aliyeyasoma maarifa hayo kama utupu aliyalipia kwa mizoga. Tena juu ya shamba, Msitu wa Mau ulikuwa makao ya Waogiek, wawindaji na warina asali waliogawana msitu kwa koo, kila ukoo na eneo lake. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza humo. Miti iliyopasuliwa kwenye viwanda vya mbao vya walowezi ilitoka katika msitu wa aina hiyo.

Upande wa magharibi kulikuwa na moshi bado. Wanandi walipambana na Waingereza, kwa vipindi, kuanzia 1895. Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa alipokwenda kukutana na ofisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo, na msafara wa kijeshi uliofuata, uliochoma nyumba na kuteka ng'ombe, uliendelea hadi 1906. Mwaka uleule wa 1905 Waingereza waliwapiga Wakipsigis wa Sotik. Mtoto Beryl alifika Njoro wakati huohuo. Wanaume anaowaita Wanandi katika kitabu, arap Maina na arap Kosky, wenye mikuki, subira na heshima, walikuwa watu wa jamii zilizotoka kupigwa na kunyang'anywa mifugo. Waandishi wa wasifu wake wamewahesabu watu hao kuwa Wakipsigis, jamaa wa karibu wa Wanandi, na jirani za Njoro zaidi. Kosa dogo, lakini linaonyesha umbali ambao kitabu kilichojaa ukaribu kinaweza kuwa nao. Kwa nini mwanamume mzima mwenye ujuzi wa kuwinda afanye kazi kwa Mzungu Njoro? Kitabu hakiulizi. Jibu ni ng'ombe waliotekwa, na kodi ya vibanda iliyokuwa ikidaiwa tangu 1901 kwa fedha taslimu ambazo kijijini hazikuwapo.

Katika sura za Njoro Markham anasema, kwa ufupi, kwamba shamba halikuwa shamba mpaka baba yake alipolifanya, na kwamba alilifanya kutokana na kitu kisichokuwa kitu: msitu, mawe, jua, mvua, jasho na subira. Ni kifungu kizuri sana, na ndicho ninachokitilia shaka kuliko simba wote. Jasho hilo lilikuwa la nani? Wafanyakazi wapo kitabuni, wakiwemo watu wa Nyanza ambao Wazungu wa wakati ule waliwaita Wakavirondo, wakikata miti kwa panga na shoka. Wapo kama hali ya hewa ilivyopo. Hawana mshahara, hawana mkataba, hawana mahali walipotoka. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa, ameonyesha familia za Wakikuyu zilivyoingia katika mashamba ya eneo hili kwa kubadilishana kazi na kipande cha ardhi cha kulima na kulishia mbuzi, na sheria ya 1918 ilivyoanza kuwabana wawe vibarua wa kudumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika akalazimishwa kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho, kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mashamba ya Njoro, likiwemo lililokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton, yalisimama juu ya mpangilio huo.

Hata kufilisika kwa baba kumeandikwa kwa namna ya maumbile. Ukame unakuja, mahindi hayapatikani, Clutterbuck ameshafunga mkataba wa kuuza unga kwa bei ya zamani, na kwa kuwa ni mtu wa neno lake anautimiza hadi anabaki hana kitu. Farasi wanauzwa, anakwenda Peru. Sina sababu ya kukanusha ukame wala mkataba. Ila mwaka 1920 serikali ilipanga upya thamani ya rupia kuwa shilingi mbili za Kiingereza, wakati awali ilikuwa shilingi moja na peni nne. Walowezi wengi waliokuwa na deni benki waliamka na kukuta deni limepanda kwa nusu nzima, na makelele yao yalijaza magazeti ya Nairobi. Katika kitabu uzito wote umewekwa juu ya mvua iliyokataa kunyesha, kwa sababu mvua inaingia vizuri katika hadithi ya mtu dhidi ya nyika. Benki haiingii.

Na uwindaji. Msichana mdogo, mkuki mkononi, mbwa wake Buller mbele, anafuatana na arap Maina na arap Kosky kumsaka ngiri. Naamini alikwenda. Lakini kitabu kinaupa uhuru huo sura ya zawadi ya nyika, kana kwamba porini hakuna mkubwa wala mdogo. Kwa Wanandi na Wakipsigis uwindaji ulikuwa kazi ya wanaume, na binti wa nyumbani kwao asingepewa mkuki. Beryl alipewa kwa sababu alikuwa binti wa bwana aliyewalipa. Kile anachokikumbuka kama usawa kilikuwa ni cheo, na watu wazima wale, kwa adabu yao au kwa tahadhari yao, hawakumwambia. Kwa haki yake, kitabu kinalikaribia jambo hili mara moja: Kibii, mwana wa arap Maina na rafiki wa utotoni, anaporudi akiwa mtu mzima aitwaye arap Ruta na kuanza kumfanyia kazi, mwandishi anaona kwamba jambo limevunjika kati yao, na kwamba tofauti za rangi na tabaka, ambazo mtoto hazijui, hufundishwa baadaye. Ni ukurasa wa huzuni na wa kweli. Tatizo ni pale unapoiweka ile tofauti: katika ukubwa, kana kwamba ilizaliwa siku Kibii alipotahiriwa. Ilikuwapo siku ya ngiri wa kwanza. Ni mmoja tu kati ya watoto wawili aliyeweza kutoiona.

Hoja ya kunipinga inayostahili kujibiwa kwa makini ni ya jicho la mtoto. Mtoto wa miaka minane hajui mkataba wa 1904 wala kodi, na kumbukumbu ya utoto inatuahidi jicho hilo tu. Nakubali kwa sura zilizoandikwa kwa jicho hilo. Lakini "West with the Night" hakijifungi humo. Sauti inayosimulia ni ya mtu mzima, anayefalsafa, anayelinganisha, anayetoa hukumu juu ya Afrika nzima kila baada ya kurasa chache. Sauti hiyo haina kinga ya utoto. Ilipokuwa inaandikwa, mwenyewe alikuwa karibu na miaka 40, amefunza farasi wa matajiri wa koloni, amekula na magavana, ameruka juu ya nchi hiyo akaiona yote kwa mkupuo mmoja.

Wengine watasema ninaipima enzi ile kwa mizani ya leo. Mizani hiyo ilikuwapo sokoni. Norman Leys, daktari aliyefanya kazi serikalini, alichapisha kitabu chake kuhusu Kenya mwaka 1924, chenye habari za kuhamishwa kwa Wamasai. McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi, akafuata 1927. Jomo Kenyatta alichapisha "Facing Mount Kenya" London mwaka 1938, miaka minne kabla ya Markham. Hata Elspeth Huxley, ambaye hakuwa adui wa walowezi, aliandika kwa kirefu juu ya siasa za ardhi katika wasifu wake wa Delamere wa 1935. Inafaa kumkumbuka Huxley hapa kwa sababu mama yake, Nellie Grant, alilima Njoro kuanzia miaka ya 1920 hadi 1965, na kwa sababu "The Flame Trees of Thika" cha 1959 ni kumbukumbu nyingine ya utoto wa Kizungu iliyochanganya kweli na kubuni. Wazazi wake humo wamebadilishwa majina. Lakini mle ndani watu wanabishana kuhusu mshahara, mipaka, mbuzi na mahari, na nchi imejaa. Kitabu chenye ubunifu mwingi zaidi kimekuwa ushahidi bora zaidi.

Na ikiwa Trzebinski alikuwa sahihi kuhusu Schumacher? Basi shaka yangu inaongezeka badala ya kupungua. Kitabu kilikamilishwa Marekani kwa ajili ya wasomaji wa Marekani, waliolelewa kwa hadithi za nchi ya magharibi iliyo tupu, mtu jasiri, farasi, na mwenyeji mwaminifu asiye na madai. Umbo hilo lilikuwa tayari mezani. Sina ushahidi kwamba Schumacher ndiye aliyelileta, na Markham angeweza kulipata peke yake. Ninachosema ni kwamba Njoro ya kitabuni inafanana mno na umbo hilo la Kimarekani kwa mtu kuacha kulitambua.

Linabaki swali la wa kuaminiwa badala yake, na hapa si busara kukimbilia upande mwingine macho yamefumbwa. Meinertzhagen naye alituachia shajara ya Kenya, iliyochapishwa 1957, yenye tarehe na saa, inayoonekana ya kuaminika kuliko ushairi wa Markham. Wataalamu wa ndege walipochunguza mikusanyo yake wakagundua vielelezo vilivyoibwa kutoka makumbusho na kubandikwa maelezo ya uongo, na tangu hapo shajara zake husomwa kwa kidole juu ya kila mstari. Ushahidi wa Waafrika nao una masilahi. Tume ya Ardhi ya Carter ilizunguka Kenya mwaka 1932 na 1933, na ushahidi iliousikia ukachapishwa mwaka 1934 katika majuzuu matatu mazito. Humo wazee wa Kimasai, Kinandi, Kipsigis na Kikuyu wanazungumza kupitia wakalimani, mbele ya Wazungu wenye uwezo wa kuwanyima au kuwapa, na kila mmoja anauvuta mpaka upande wake. Tofauti ni kwamba madai yao yalikutana chumbani. Mkipsigis alisema hivi, mlowezi akasema vile, ofisa akaleta ramani, na msomaji wa leo anaweza kuona yanapogongana. Majuzuu hayo yalikuwa yameshatoka miaka minane wakati Houghton Mifflin ilipochapisha kurasa za Njoro, na kwa mtu anayetaka kuijua Njoro ile, mahali pake ni mezani, wazi, kando ya sura za farasi.